Baada ya Kiharusi, Ubongo Hujifunza Upya

Seli za ubongo zilizokufa kwa kiharusi hazifufuki, lakini sehemu zilizosalia zinaweza kujifunza kufanya kazi zake. Hujifunza kwa kurudiarudia: kushika kikombe, kufunga vifungo vya shati, kutaja majina ya jamaa. Mtaalamu wa tiba ya viungo huelekeza mazoezi ya mwili. Wa tiba ya usemi hushughulikia matamshi na kumeza.

Nafuu kubwa huja miezi ya kwanza, kwa hivyo usingoje mgonjwa apate nguvu kwanza. Mkazi wa Kawangware, Kangemi au Dagoretti, fika katika kituo cha afya cha karibu uombe rufaa, kwa mfano ya Hospitali ya Mbagathi.

Nyumbani, usiwe mwepesi wa kumlisha na kumvisha. Mpe muda ajaribu mwenyewe. Kujaribu ndiyo tiba.