Ndege wa Taita aliyefichwa ndani ya jina la mwingine

Hebu mwambie mzee yeyote wa Old Town kwamba Mkilindini na Mtangana ni kitu kimoja. Jaribu tu, halafu uje unisimulie. Utakalishwa barazani, uletewe kahawa tungu, usomeshwe Thelatha Taifa na Tisa Taifa mpaka adhana ya magharibi. Kisiwani kwetu jina si mchezo.

Basi kuna ndege mdogo Milima ya Taita, kule juu ukishapita Voi, ambaye jina nusura limmalize. Anaitwa apalisi wa Taita. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, koo jeusi kama limepakwa masizi. Mwaka wa 1938 Reginald Moreau, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi Amani, Tanga, alimpa jina la Kilatini fuscigularis, yaani mwenye koo la giza. Lakini kwa miaka mingi vitabu vilimhesabu kama tawi tu la apalisi mwingine, yule mwenye mstari mweusi kifuani, aliyetapakaa mpaka Afrika Kusini.

Unaona balaa lake? Yule wa kusini ni wengi, hawana shida. Kwa hivyo kwenye karatasi huyu wetu naye hana shida, hata msitu wake ukifyekwa wote.

Alipotengwa kuwa spishi kamili, hesabu ikageuka. Kumbe duniani kote yuko Taita peke yake, kwenye vipande vya msitu vilivyobaki vileleni. Ngangao, mojawapo ya vile vikubwa, ina hekta 120 hivi za msitu wa asili. Kwingine ni mashamba, au misonobari na mikaratusi iliyopandwa kwa mbao. Leo amewekwa daraja la hatari kubwa kabisa, lile la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Wapo wanaosema wanasayansi wanapenda tu kugawanya-gawanya, ati koo ni koo. Mimi naona bora wamgawe sasa kuliko kuja kumtambua akiwa ndani ya droo ya makumbusho.

Ukitaka kumwona, panda ile Madaraka inayosimama njiani, shuka Voi, shika matatu ya Wundanyi. Beba sweta, wewe mtu wa pwani, huko juu ukungu ni wa kweli. Ukifika msituni nyamaza, angalia vichakani. Na usikimbilie kifua, mtazame kooni.