Pine la Akiba Halina Freni



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya hatari kubwa za kazi yetu: mawe yanayoanguka, baruti, umeme, vumbi linaloingia mapafuni. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekipita mara mia bila kukitazama. Ni pine la akiba lililowekwa ndani ya motokari, nyuma ya mlango, bila kufungwa.

Sikilizeni kwanza habari hii. Mimi mwenyewe nilikuwamo, na sehemu ya kosa ni yangu.

Siku tatu

Wakati ule nilifanya kazi katika kikosi cha kutengeneza pampu. Kila asubuhi motokari moja ya Land Cruiser, ile ndefu yenye viti viwili vya kutazamana nyuma, ilitupeleka machimboni, na jioni ilituregesha kambini. Pine lake la akiba lilikaa nje, juu ya mlango wa nyuma, kwenye chuma chake.

Siku ya Jumatatu shofere aliona kwamba chuma hicho kimepasuka kando ya tundu la bulo. Akafanya jambo jema: akalitoa pine kabla halijaanguka barabarani. Kisha akafanya jambo baya: akalisimamisha ndani, kati ya viti, likiegemea mlango. Akasema, "Kesho nitapeleka motokari garaji."

Kesho ilifika, ikapita. Hakuna aliyemwuliza. Mimi nilikaa mwisho wa kiti, karibu na mlango. Kila tulipoingia shimo pine lilicheza huku na huku, basi nikaweka kiatu changu mbele yake kama kabari. Wenzangu wakanitania, wakaniita "freni ya mkono." Nami nikacheka pamoja nao.

Siku ya Jumatano jioni tulifika kambini. Motokari ilisimama mahali penye mwinamo, mbele juu, nyuma chini. Niliondoa mguu ili niokote mfuko wangu na kofia ya kazi. Saa ileile mtoto wa mwenzetu, wa miaka 9, alikuja mbio kumpokea baba yake kama alivyofanya kila siku. Akashika kishikio, akafungua mlango. Pine likashuka lote juu ya mguu wake wa kuume.

Baba yake alikuwa ameketi mbele yangu. Aliona yote, wala hakuwa na njia ya kufika kwa wakati. Mifupa mitatu ya wayo ilivunjika. Mtoto alikaa na plasta majuma sita, na mama yake alimbeba mgongoni kumpeleka dispansere, mtoto mkubwa wa kwenda shule. Mpaka leo, baridi ya mwezi wa sita inapofika, kijana yule anachechemea.

Watu wengi walimlaumu shofere. Lakini tulikuwa watu wanane ndani ya motokari ile. Sisi wanane tulilitazama pine lile siku tatu, na hakuna aliyefungua kinywa. Tena mimi nilijua vizuri kuliko wote kwamba halikufungwa, kwa sababu mguu wangu ndio uliolizuia.

Uzito wake ni upi?

Pine la namba 7.50 R 16 pamoja na janti yake ya chuma lina uzito wa kilo 35 hadi 40. Ni zaidi ya mfuko wa unga wa kilo 25. Likianguka likisimama, uzito huo wote unashukia mahali pembamba. Mguu wa mtu mzima hauwezi kuuvumilia, sembuse wa mtoto.

Hapo tunasema habari ya motokari iliyosimama. Inapokwenda, mambo ni mabaya zaidi. Motokari ikienda kilometa 50 kwa saa, kila kitu kilichomo kinakwenda kilometa 50 kwa saa: watu, vyombo, na pine pia. Ukikanyaga freni, unayashika magurudumu manne yaliyo chini. Pine la ndani lenyewe halishikwi na freni yoyote. Linaendelea na safari yake mpaka likutane na kitu cha kulizuia, na mara nyingi kitu hicho ni mgongo au miguu ya mtu.

Hesabu yake ni hii. Motokari inayokwenda kilometa 50 kwa saa ikigonga mti na kusimama ndani ya nusu meta, pine la kilo 40 linasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 800. Au tuseme hivi: ni kama pine hilo limeanguka juu yako kutoka urefu wa karibu meta 10. Kwa kilometa 60, urefu huo unakuwa meta 14. Mbio zikiongezeka mara mbili, pigo linaongezeka mara nne.

Basi yule anayesema, "Nitalishika kwa mkono," au "Nitaliwekea mguu," ajiulize kama anaweza kushika kilo 800. Na motokari ikipinduka, pine lililo huru linapinduka pamoja na watu, likiwapiga huku na huku kama jiwe ndani ya debe.

Kwa nini linalegea?

Motokari nyingi za kazi zinabeba pine la akiba nje, juu ya mlango wa nyuma. Nyingine zinalibeba chini, na Land Rover nyingi za zamani zililibeba juu ya kifuniko cha motere. Likiwa mlangoni, uzito wote unaning'inia kwenye bawaba na kwenye bulo chache. Barabara zetu za udongo mwekundu wakati wa kiangazi zinafanya mawimbi madogo madogo, na kila wimbi ni kama pigo la nyundo. Pigo moja halivunji kitu. Lakini mapigo elfu kwa siku yanalegeza ekru, na ekru ikilegea, chuma kinaanza kucheza, na chuma kinachocheza mwisho wake ni kupasuka.

Shofere mwenye masikio na macho atajulishwa mapema. Dalili ni hizi:

– Sauti ya kugonga inayotoka mlangoni kila motokari inapopita mashimo.
– Mlango hautaki kufunga mpaka uuinue kidogo kwa mkono. Maana yake bawaba zimechoka.
– Mstari mwekundu wa kutu unaotoka chini ya ekru. Ni alama kwamba ekru hiyo inasogea.
– Ufa mdogo kama uzi katika rangi, kandokando ya tundu la bulo.

Kabla ya safari ya kwanza ya asubuhi, shika pine kwa mikono miwili, sehemu ya juu, ulivute na kulisukuma kwa nguvu. Likigonga, usiondoke bila kulikaza. Na kila mara pine likitolewa na kuregeshwa, kaza ekru tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu zinakaa vizuri na kulegea kidogo.

Jambo lingine: pine likitoboka njiani, shofere anaweka la akiba chini ya motokari, kisha lile lililotoboka, lenye matope, analitupa ndani kati ya watu. Pine lisilo na upepo lina uzito uleule. Mahali pake ni kwenye chuma cha mlango, palepale lilipotoka lile jingine.

Kama ni lazima liingie ndani

Siku nyingine chuma kimevunjika na mko mbali na garaji. Hapo pine litaingia ndani, lakini kwa safari ile moja ya kurudi, tena kwa utaratibu huu:

1. Liinueni watu wawili, magoti yakiwa yamekunjwa na mgongo umenyooka. Mtu mmoja akilichukua peke yake anatafuta maumivu ya kiuno.

2. Lilazeni chini. Pine lililolala haliwezi kubingirika. Pine linalosimama linangoja nafasi tu.

3. Lisukumeni mbele kabisa, mpaka liguse ukuta au mgongo wa kiti cha mbele, mbali na mlango wa nyuma. Likiwa limegusa kitu kigumu mbele yake, halipati nafasi ya kuchukua mbio.

4. Lifungeni kwa mikanda miwili ya kufungia mizigo, yenye chuma cha kukazia. Kila mkanda upite katika tundu la janti, na mikanda ipishane kama msalaba. Karatasi iliyoshonwa kwenye mkanda inaonyesha nguvu yake kwa alama LC na namba ya daN. DaN 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 1. Chukueni mkanda wa daN 1000 au zaidi. Mkanda usio na karatasi, au uliokatika nyuzi, si wa kazi hii.

5. Fungeni kwenye pete za chuma zilizokazwa sakafuni. Msifunge kwenye kishikio cha mlango, wala kwenye mkanda wa usalama wa abiria.

6. Wekeni kipande cha pine kuukuu au kitambaa kinene mahali mkanda unapogusa ukingo wa janti, kwa maana ukingo huo unakata kama kisu.

7. Baada ya kilometa chache simameni, kazeni mikanda tena. Kisha fanyeni hivyo kila mnaposimama.

Wengi wetu tunapenda kufunga mizigo kwa vipande vya mpira wa ndani wa pine. Kwa mzigo wa majani ni sawa. Kwa pine la akiba ni kosa. Mpira unavutika: pine linakwenda mbele kwanza, linampiga mtu, kisha mpira unaliregesha nyuma kama manati. Kamba ya nailoni pia inavutika, na kamba ya katani ikilowa na kukauka inalegea. Msidanganywe na fundo zuri.

Kama hakuna mikanda wala pete, pine lipelekwe na motokari nyingine ya mizigo, na watu wasipande pamoja nalo.

Kazi ya garaji

Chuma kilichopasuka hakifungwi kwa waya. Kinatolewa, kinachomelewa na fundi au kubadilishwa, na bawaba zinatazamwa siku ileile. Kama garaji inatoboa bati la mlango au la sakafu ili kuweka bulo mpya, lazima iweke kipande kipana cha chuma upande wa ndani na upande wa nje, ili bulo isipasue bati siku ya pigo kubwa. Ekru ziwe za aina isiyolegea yenyewe. Tena, kabla ya kutoboa sakafu, fundi aingie chini atazame: huko kuna tangi la mafuta na mirija ya freni. Kwa hiyo shofere asichukue mashine ya kutoboa na kufanya mwenyewe. Aandike kosa katika karatasi ya ukaguzi, na shefu wa kikosi atie mkono wake hapo. Pine likilala ndani usiku wa pili, shefu naye aulizwe.

Kriki, ufunguo wa magurudumu na kizima-moto vinahitaji kufungwa vilevile. Ni vidogo, lakini vinakwenda mbio zilezile.

Kwa akina mama na watoto

Tunajua furaha ya mtoto akisikia motokari ya kazi inafika. Hatutaki kuiondoa furaha hiyo. Lakini mfundisheni mtoto asimame mbali, ukutani au mlangoni pa nyumba, mpaka baba ashuke na kumwita. Mlango wa motokari ya kazi unafunguliwa na shofere tu, polepole, naye akisimama upande, si mbele ya mlango.

Na kama kitu kizito kimeanguka juu ya mguu wa mtu, fanyeni hivi. Asisimame wala asitembee. Kama kuna damu, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi. Wekeni kitambaa chenye maji baridi juu ya uvimbe, na mguu ukae juu kidogo juu ya mto. Msiuvute, msiukande, hata kama jirani anasema mikono yake ni ya dawa. Mfupa uliovunjika ukikandwa unaweza kukata nyama na mishipa. Mpelekeni dispansere mara moja, akibebwa.

Neno la mwisho

Kijana yule sasa ni mtu mzima, mwenye kazi yake. Tukikutana ananisalimu vizuri, "Jambo, baba," wala hana kisasi. Mimi ndimi ninayetazama mguu wake.

Kesho asubuhi, kabla ya kupanda, tazama nyuma ya motokari yenu. Kama pine limesimama ndani bila kufungwa, usiketi. Mwambie shofere kwa heshima, "Ndugu, tulifunge kwanza." Akikasirika, mwite shefu wa kikosi. Kufunga kunachukua dakika kumi. Sisi wanane hatukuzitoa dakika hizo kwa siku tatu.

USALAMA NI KAZI YA KILA MTU. LILAZE, LIFUNGE, LIKAZE!