Safari ya Ndege Kutoka Dar es Salaam Hata Mwanza

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kujibu swali ambalo watu wengi huliuliza: Je, Mwanza iko mbali kiasi gani na Dar es Salaam, na ndege huchukua saa ngapi? Swali ni jepesi, lakini lina majibu zaidi ya moja, na mtu ashikaye jibu lisilo lake aweza kukosa maziko ya baba yake.

Twaa ramani, uweke rula juu ya miji hii miwili. Utaona ya kuwa mstari ulionyoka ni kilomita 850 hivi, yaani maili 530. Wanafunzi waweza kuhakikisha kwa hesabu. Mwanza iko kaskazini ya Dar es Salaam kwa digrii 4 na nusu hivi, na magharibi yake kwa digrii 6 na robo. Na katika nchi zilizo karibu na Ikweta kila digrii ni kilomita 111. Pande hizo mbili hukutana kwa pembe mraba. Upande wa tatu ndio njia ya ndege.

Msafiri wa nchi kavu hawezi kuufuata mstari huo. Barabara ipitayo Dodoma, Singida na Shinyanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Reli ya zamani huenda magharibi hata Tabora, ndipo igeukapo kaskazini. Nayo yapita kilomita 1,200.

Sasa tutazame saa. Ndege kubwa ikiisha kufika juu huenda kama kilomita 800 kwa saa. Mwanafunzi atagawanya, atasema: saa moja na dakika 4. Lakini tiketi yaonyesha karibu saa moja na nusu. Nani amekosa? Hakuna. Saa za tiketi huhesabiwa tangu ndege iondokapo mahali ilipoegeshwa hata isimamapo tena. Kwanza hujivuta polepole chini, kisha hupanda kwa muda mrefu kabla ya kupata mbio zake zote, na huanza kushuka ingali mbali na mji. Tena hupenda kuruka na kutua ikielekea upepo, hivyo mara nyingine hulazimika kuzunguka. Upepo wa juu nao huongeza mbio ukitoka nyuma, na kuzipunguza ukitoka mbele. Ndege ya mapanga, iendayo polepole zaidi, hukawia kupita hiyo.

Tuseme kijana akaaye Mbagala apata habari ya msiba kwao Sengerema, naye akata tiketi ya saa tano asubuhi. Ahesabu: saa sita na nusu nitakuwa Mwanza, basi awaambia ndugu zake wamngoje hata saa nane. Lakini yampasa kutoka nyumbani saa mbili, kwa kuwa njia ina magari mengi na abiria hutakiwa kufika kiwanjani mapema. Akiisha kutua, angoje mzigo wake, apite mjini, ashike njia ya Kigongo, avuke daraja hata Busisi. Atafika kwao yapata saa tisa, na kaburi limekwisha kufukiwa. Kati ya saa hizo saba, angani alikuwa kwa saa moja na kitu tu. Tena huyu ana bahati: kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2025, angalikuta foleni ya kivuko.