Nuru ya magnesiamu yaweza kuumiza macho
Mwalimu wa kemia anapochoma utepe wa magnesiamu, wanafunzi huvutiwa kuukodolea macho. Wasifanye hivyo. Pamoja na nuru hiyo nyeupe hutoka miale ya urujuanimno, isiyoonekana, ambayo huchoma utando mwangavu wa mbele ya jicho. Ubaya ni kwamba maumivu huchelewa. Yaweza kuanza baada ya muda wa saa 6 hadi 12, mtoto akiwa kitandani, macho yakichoma kana kwamba yametiwa mchanga na kububujika machozi. Mzazi naye hudhani ni vumbi tu! Miwani ya kawaida ya maabara huzuia cheche, lakini haipunguzi mwangaza huo; heri kutazama kando. Macho yakiuma, mtoto asiyafikiche. Mpelekeni kwa daktari wa macho.