Sokwe wa Mahale na Mti wa Mjonso

Minyoo haimdhoofishi sokwe tu; humbadilishia pia mlo na mwenendo. Ushahidi mashuhuri ulipatikana Novemba 1987 katika milima ya Mahale, magharibi mwa Tanzania. Sokwe jike aliyeitwa Chausiku alikuwa mnyonge, akijilaza huku wenzake wakila. Alivunja tawi la mjonso, akalibambua, akatafuna kiini chake, akameza maji machungu na kutema makapi. Alasiri ya siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu.

Mtafiti Michael Huffman alishuhudia tendo hilo pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, naye ndiye aliyemfahamisha kuwa mjonso ni dawa ya tumbo kwa watu wake. (Pasipo ujuzi wa Kitongwe, pengine tendo hilo lingehesabiwa kuwa ulaji wa kawaida.) Wawili hao walichapisha maelezo yao mwaka 1989.

Sokwe humeza pia majani yenye vinyweleo vigumu bila kuyatafuna, asubuhi mapema kabla ya kula. Majani hayo hukwaruza utumbo, huharakisha choo, na kutoka mazima pamoja na minyoo iliyo hai. Tabia hii huzidi msimu wa mvua, maambukizi ya minyoo yanapoongezeka.