Kabonga: Namba moja ya maabara, maana mbili za mpakani

MGONJWA wa kisukari anayetoka Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, na kuvuka mpaka wa Kabonga kwenda kutibiwa Kigoma, anaweza kuwa na karatasi ya maabara yenye tarakimu moja tu: 2. Kwa mhudumu wa afya aliyesomea Burundi, ambako majibu ya sukari mara nyingi huandikwa kwa gramu kwa lita, hiyo ni sukari iliyopanda sana. Kwa mwenzake aliyesomea Tanzania, aliyezoea milimoli kwa lita, 2 ni sukari iliyoshuka kiasi cha kuhatarisha maisha.

Mmoja atafikiria insulini. Mwingine atakimbilia glukosi.

Kinachoweza kuwapatanisha wawili hao ni somo la kemia la mwaka wa kwanza chuoni. Moli moja ya glukosi ina uzito wa gramu 180, hivyo gramu moja ni sawa na milimoli 5.6 hivi. Kwa hiyo gramu 2 kwa lita ni milimoli 11.1 kwa lita. Hesabu ni ya mistari miwili, lakini wanafunzi wengi wa uuguzi na utabibu huikariri ili wafaulu mtihani, kisha huiacha darasani.

Katika ukanda huu wa Ziwa Tanganyika, kuiacha darasani kuna gharama. Wavuvi, wafanyabiashara wa dagaa na mawese, na familia zenye ndugu pande zote mbili huvuka kila wakati. Magonjwa yao huvuka nao, na karatasi zao za matibabu pia.

Somo moja, lugha mbili

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA), lenye makao yake Kampala, likabaki na kazi ya kuoanisha sifa na vyeti.

Kwenye makaratasi njia imefunguliwa. Darasani bado kuna kilima.

Kijana wa Rumonge husoma biolojia na kemia kwa Kifaransa. Mwenzake wa Kigoma husoma masomo hayohayo kwa Kiingereza. Akitaka stashahada ya utabibu Tanzania, anayeomba hudaiwa ufaulu wa kidato cha nne katika kemia, biolojia na fizikia. Akitaka shahada ya udaktari, hutakiwa ufaulu wa masomo hayo matatu katika kidato cha sita. Mrundi anayeomba nafasi hiyo hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba cheti chake kinalingana, kisha kuanza kujifunza upya majina ya vitu anavyovijua.

Naitrojeni ni mfano mzuri. Kwa Kifaransa huitwa azote. Alama yake ni N popote duniani, lakini mwanafunzi aliyezoea jina moja hupotea anaposikia jingine katika mhadhara kuhusu urea na figo.

Hata nukta hubadilika. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika 2,6 pale aliyesoma kwa Kiingereza anapoandika 2.6. Zaidi ya hapo, 1.500 kwa wa kwanza inaweza kuwa elfu moja na mia tano, na kwa wa pili ni moja na nusu. Kwenye kipimo cha dawa, tofauti hiyo ni mara elfu moja.

Ziwa lenyewe ni maabara

Umuhimu wa masomo haya ulionekana Mei 2015. Maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijikusanya Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho jirani na Kabonga, kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kililipuka. Hadi kuelekea mwisho wa mwezi huo watu wapatao 3,000 walikuwa wameripotiwa kuugua na zaidi ya 30 kufariki dunia. Meli kongwe ya MV Liemba ilitumika kuwahamishia wakimbizi Kigoma.

Biolojia hueleza kwa nini ziwa hili ni hatari kwa ugonjwa huo. Bakteria wa kipindupindu hudhoofishwa na tindikali ya tumboni, lakini hustawi katika maji yenye alkali. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9.

Kemia inaongeza onyo la pili. Klorini ikitiwa majini hugawanyika katika sura mbili, moja kali kwa vijidudu na nyingine dhaifu. Katika pH ya 7.5 hivi sura hizo hukaribiana kwa wingi. Katika pH ya 9, ile kali haifikii hata sehemu moja ya kumi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapoelekeza klorini iachwe majini kwa dakika 30, linazungumzia maji yenye pH chini ya 8. Mhudumu anayechota ziwani na kufuata kipimo cha maji ya bomba anaweza kudhani ameua vijidudu kumbe bado vipo.

Paketi ya ORS nayo ni somo kamili. Kwa lita moja ya maji, mchanganyiko wa WHO una gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti ya sodiamu. Glukosi haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Katika ukuta wa utumbo, glukosi na sodiamu huingia kwenye seli kwa pamoja, na maji huzifuata. Muuguzi anayejua hilo hatamruhusu mama aongeze maji ili paketi moja itoshe watoto wawili.

Kiswahili kama daraja

Rumonge na Nyanza-Lac ni miongoni mwa maeneo ya Burundi ambako Kiswahili husikika sokoni na mwaloni. Hukohuko ng'ambo ya ziwa, Uvira na Baraka, wanafunzi wa Kongo nao husoma sayansi kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili nyumbani. Nchi yao ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya wakuu wa nchi kuidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Msamiati upo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba mwaka 2003. Kinachohitajika sasa ni orodha fupi ya lugha tatu kwa vyuo vya afya vya ukanda wa ziwa, yenye jina, alama, kipimo na namna ya kukibadilisha.

Wiki chache za maandalizi kabla ya mwaka wa kwanza zingetosha kuanzia: moli, pH, vipimo, nukta na mkato. Na maabara za pande zote zinaweza kuanza kesho bila kusubiri itifaki, kwa kutotoa jibu lolote lisiloandikwa kipimo chake mbele ya namba.