Kabla ya Kununua Betri Mpya, Pimeni Kwanza

Ndugu wanavikundi, pikapu inayobeba ndizi kutoka Mahoo ni jasho la wanachama wote, si mali ya dereva. Ikikataa kuwaka alfajiri ya siku ya soko, ndizi zinaivia nyumbani. Ikizima usiku kati ya Taveta na Maktau, pale barabara inapokatiza Tsavo West, jirani wa karibu ni ndovu.

Kikundi kimoja tulichokitembelea kilinunua betri mbili ndani ya miezi saba. Pesa zilitoka kwa akiba ya mikopo, na dereva akaanza kusemwa vibaya. Kumbe betri hazikuwa na makosa. Nati ya waya mnene nyuma ya alteneta ilikuwa imelegea tu.

Tufikirie hivi: betri ni tangi, alteneta ni pampu ya kulijaza, na belti ndiyo inayoizungusha pampu. Tangi likikauka, usikimbilie kununua tangi jingine. Angalia pampu.

Vya kufanya nyumbani

1. Zima injini, utazame. Je, belti imelegea, imepasuka au inang'aa? Je, vichwa vya betri vina unga mweupe au wa kijani? Fungua waya wa hasi (-) kwanza, kisha wa chanya (+). Safisha kwa maji moto yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, ukaze.

2. Tazama taa ya betri kwenye dashibodi. Ukifungua swichi iwake. Injini ikishika izime. Ikibaki inawaka, chaji haiendi. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, na kwa gari nyingi za zamani hilo peke yake laweza kuzuia alteneta kuanza kazi.

3. Pima asubuhi kabla ya kuwasha gari. Weka mita kwenye volti za DC, alama ya 20. Betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0, imelala.

4. Washa injini, upime tena palepale. Gari nyingi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, betri haipati chaji. Ikipita 15, chaji imezidi na inachemsha maji ya betri. Hiyo nayo huua betri. Gari mpya zenye kompyuta huweza kubadilisha namba hizi, basi uliza fundi.

5. Washa taa kubwa, uongeze moto kidogo. Mita isishuke chini ya 13.

6. Ikishuka, pima pale waya mnene unapotoka kwenye alteneta, injini ikinguruma. Pale pakisoma 14 na betri isome 12.5, alteneta ni nzima. Chaji inapotea njiani. Kaza na kusafisha nati zote, pamoja na waya wa hasi unaoshika bodi na injini. Injini iwe imezimwa, na waya wa hasi wa betri umefunguliwa.

Tahadhari

Msitoe waya wa betri injini ikiwa inanguruma "kuona kama alteneta inafanya kazi". Wengi hufanya hivyo, na wengi wameunguza alteneta nzima. Sigara na koroboi ziwe mbali, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Leso na mikono mirefu visikaribie belti.

Kama waya na belti ni sawa na chaji bado haiji, hapo mpelekeeni fundi wa stima za magari. Mwambieni namba mlizopata. Mara nyingi ni brashi za kaboni zilizoisha au regyuleta, na alteneta hutengenezeka bila kununua nyingine.

Tunashauri kila kikundi chenye gari kinunue mita ndogo. Bei yake ni ndogo sana kuliko ya betri. Dereva aandike namba kila wiki kwenye daftari la gari, na mweka hazina azione. Siku gari ikizima, mtazungumza juu ya namba, si juu ya mtu.